Kiungo Aliyepata Mahali pa Kukaa: Safari ya Manuela Giugliano

Mwenyekiti wetu, makocha wenzangu, wazazi mliojitoa asubuhi hii, nanyi mabinti mliokuja na viatu vyenu vya mpira, asanteni kwa kunikaribisha.

Waandaaji walinitaka nizungumzie mchezaji mmoja tu, nisitawanyike. Nimemchagua Manuela Giugliano, kiungo wa AS Roma na wa timu ya taifa ya Italia. Najua wengi wenu mngependa niwaletee mfungaji, kwa sababu magoli husimulika kirahisi na kila mtu anayo kwenye simu yake. Kiungo anataka umtazame dakika zote tisini. Na maisha ya Giugliano uwanjani yanataka subira hiyohiyo, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo sisi tunaofundisha wasichana tunalipuuza msimu baada ya msimu: mchezaji anahitaji mahali pa kukaa. Kipaji alikuwa nacho tangu akiwa mdogo. Alichokikosa kwa miaka mingi ni klabu ambayo ingekuwepo mwakani.

Niruhusuni nianze na namna anavyocheza, maana bila hilo yote nitakayosema yatakuwa hewani.

Mkipata mechi ya Roma, fanyeni zoezi moja. Kwa dakika kumi msiufuate mpira, mfuateni yeye. Mtaona kwamba kabla hajapewa pasi anageuza shingo, anachungulia juu ya bega moja, anachungulia juu ya bega la pili, kisha ndipo anausogelea mpira. Unapomfikia, mwili wake umeshafunguka kuelekea upande anaoutaka. Mguso wa kwanza unamtoa kwa mkabaji, wa pili ni pasi, na mara nyingi hakuna wa tatu. Hana mwili wa kumsukuma beki, wala hashindani mbio na mawinga. Anawashinda watu kwa sababu alikwisha kuona kabla wao hawajaona. Pasi zake ndefu hukata katikati ya mabeki wawili na kutua mbele ya mkimbiaji, hazitui miguuni pake, na hapo ndipo mnapotambua kwamba anayepiga amehesabu hatua za mwenzake. Mipira iliyokufa nayo ni yake: kona, faulo, penalti.

Miaka ya mwanzo alikaa chini, mbele ya mabeki, akiupanga mchezo kutokea huko. Waitalia wanaiheshimu sana nafasi hiyo na humwita anayeicheza regista. Baadaye Roma walimsogeza juu, karibu na boksi, na magoli yake yakaongezeka bila pasi zake kupungua. Makocha mnajua ugumu wa badiliko hilo. Anayekaa chini anautazama uwanja mzima ukiwa mbele yake. Anayekaa juu ana wapinzani mgongoni, na jicho lililozoea kutazama mbele linabidi lijifunze upya. Halijifunzi kwa mwezi mmoja. Linajifunza kwa miaka, pamoja na wenzake walewale wanaokimbia njia zilezile.

Alizaliwa tarehe 18 Agosti 1997 Castelfranco Veneto, mji wa mkoa wa Treviso, kaskazini mashariki mwa Italia. Kama ilivyokuwa kwa wasichana wengi wa rika lake nchini humo, timu ya wanawake ya ngazi ya juu haikuwa mlangoni kwao, na ilimbidi aifuate. Aliikuta Pordenone, katika jimbo jirani la Friuli, na huko akaanza kucheza na watu wazima akiwa bado binti mdogo.

Mwaka 2014 ndipo dunia ilipoanza kumwona. Italia ilifuzu fainali za Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 zilizofanyika Costa Rica, naye akiwemo kikosini. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu mashindano yale yana Afrika ndani yake. Kwenye kundi lao Waitalia walikutana na Zambia. Kwenye robo fainali wakakutana na Ghana, mechi ikaisha kwa sare, na Waitalia wakapenya kwa mikwaju ya penalti. Kwenye nusu fainali wakafungwa na Hispania. Mechi ya kutafuta mshindi wa tatu dhidi ya Venezuela ikawa ya ajabu: mabao 4-4, kisha penalti, na Italia ikaondoka na medali ya shaba. Kwa timu ya wasichana kutoka nchi ambayo timu yake ya wakubwa ilikuwa haijafika Kombe la Dunia tangu 1999, hiyo ilikuwa habari kubwa.

Katika kikosi cha Hispania alikuwemo msichana anayeitwa Aitana Bonmatí, naye kiungo. Giugliano alimzidi umri kwa miezi michache tu. Wanangu, wawekeni wawili hawa akilini. Bonmatí alikuwa tayari ndani ya Barcelona, kwenye shule ya soka ya klabu hiyo, na hajatoka tena hapo: uwanja mmoja wa mazoezi, falsafa moja, daktari mmoja anayejua goti lake. Amekuwa mshindi wa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, 2023, 2024 na 2025. Sisemi kwamba Giugliano angekuwa sawa naye. Hilo hakuna anayeweza kulisema. Nasema tu tazameni kilichompata Giugliano baada ya Costa Rica.

Kutoka Pordenone alikwenda Mozzanica, timu ya mji mdogo wa mkoa wa Bergamo. Kutoka Mozzanica akaenda Verona. Kutoka Verona akaenda Brescia. Kutoka Brescia akaenda Milan. Alipotimiza miaka 22 alikuwa ameshavaa jezi za klabu tano na anaingia kwenye ya sita. Mtu asiyejua angesema huyu binti hatulii, au wakala wake anapenda pesa. Lakini tazameni klabu zenyewe ziliishia wapi. Mozzanica ilibeba jina la klabu ya Atalanta kwa muda, kisha mwaka 2019 ikatoka kwenye ligi kuu na haikurudi. Verona ile aliyoichezea, bingwa wa Italia wa 2015, ikaiachia Hellas Verona nafasi yake kwenye ligi. Brescia, mabingwa wa 2014 na 2016, timu iliyokuwa ikicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, ikaiachia Milan nafasi yake kwenye ligi mwaka 2018. Yeye alikuwa anahama kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na nyuma yake paa zinaanguka.

Msimu wake wa Brescia unanigusa zaidi ya yote. Msimu wa 2017/18 Brescia na Juventus walimaliza ligi wakiwa na pointi sawa kabisa. Juventus ilikuwa ndiyo kwanza imeanzisha timu ya wanawake, ina fedha, ina jina. Brescia ilikuwa timu ya watu waliojenga kwa miaka kwa kuunga unga. Ikapangwa mechi ya kuamua bingwa, mjini Novara, Mei 2018. Dakika 120 hakuna aliyefunga. Penalti zikaenda kwa Juventus. Wiki chache baadaye nafasi ya Brescia kwenye ligi kuu ikawa ya Milan. Fikirieni kwamba umefika umbali wa penalti moja na ubingwa, na mwezi unaofuata klabu yako haipo tena pale ulipoiacha.

Kwa nini mambo yalikuwa hivyo? Wazee wetu wanasema penye miti hapana wajenzi, na Italia ya mpira wa wanawake ndivyo ilivyokuwa kwa karibu karne nzima. Mwaka 1933 wasichana wa Milano waliunda kikundi chao cha kandanda. Walipewa ruhusa kwa masharti ya kudhalilisha: wavae sketi, mpira upigwe chini chini, na golini wakae wavulana, kwa hofu kwamba shuti la tumboni lingeharibu uzazi wao. Wakayakubali masharti yote ili tu wacheze, na bado utawala wa kifashisti ukawazuia muda mfupi baadaye. Ligi ya wanawake ilikuja kuanza 1968. Shirikisho la soka la nchi, FIGC, likaipokea rasmi 1986, karibu miaka ishirini baadaye. Na wachezaji walikuwepo! Italia ilicheza fainali ya Ulaya mwaka 1993 na tena 1997. Ilimtoa Carolina Morace, mshambuliaji aliyeifungia nchi yake zaidi ya mabao 100. Miti ilijaa tele.

Tatizo kubwa lilikaa kwenye sheria. Sheria namba 91 ya mwaka 1981 iliachia kila shirikisho la michezo liamue nani ni mchezaji wa kulipwa na nani ni wa ridhaa. Wanawake wote, hata wa timu ya taifa, waliwekwa kwenye ridhaa. Maana yake, mchezaji anayefanya mazoezi kila siku kama kazi hakuwa na mkataba wa kazi, pensheni wala bima ya mfanyakazi. Malipo yake kwa mwaka yaliwekewa kikomo, zaidi kidogo ya euro 30,000 kabla ya kodi, na walio wengi hawakukifikia hata hicho. Wengine walifanya kazi mchana na mazoezi usiku. Klabu nazo hazikuwa na sababu ya kuwekeza kwa mtu ambaye kisheria si mali ya mkataba wowote wa maana. Mwaka 2015 kiongozi wa juu wa ligi ya ridhaa, chombo kilichokuwa kinawasimamia hawa dada, alinukuliwa kwenye kumbukumbu za kikao kwa maneno ya kuwatusi, ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Aliondolewa. Lakini mfumo ulibaki.

Mwaka huohuo mlango ukaanza kufunguka. FIGC ikazitaka klabu za wanaume za ligi za juu zisajili wasichana wasiopungua 20 wa chini ya miaka 12, na ikaziruhusu zichukue nafasi za klabu za wanawake zilizokuwa tayari kwenye ligi. Fiorentina wakawa wa kwanza kuingia, Juventus wakafuata 2017, Milan na Roma 2018. Hapo ndipo fedha, viwanja na madaktari walipoingia. Na hapo ndipo klabu ndogo zilizobeba mchezo mgongoni zilipokufa. Mimi siwezi kulisherehekea jambo hili kwa moyo mmoja. Brescia na Mozzanica ndizo zilizomlea Giugliano wakati Juventus na Milan hazikujua hata jina lake, na hakuna aliyezilipa kwa malezi hayo kwa kadiri zilivyostahili. Ikiwa siku moja klabu zetu kubwa zitaamka na kutaka timu za wanawake kwa nguvu, naomba sana wale walioanzisha timu za mitaani, kina mama wanaofua jezi na walimu wanaonunua mipira kwa mishahara yao, wakumbukwe mezani na wasifutwe.

Milan alikaa msimu mmoja. Kocha wake alikuwa Carolina Morace mwenyewe, yule niliyemtaja. Timu ikamaliza nafasi ya tatu. Kisha likaja Kombe la Dunia la 2019 nchini Ufaransa.

Italia ilikuwa haijacheza Kombe la Dunia la wanawake kwa miaka 20. Kocha Milena Bertolini akaenda na kikosi ambacho wote kisheria walikuwa wachezaji wa ridhaa. Tarehe 9 Juni, Valenciennes, wakakutana na Australia, wakatanguliwa kufungwa, wakasawazisha kwa Barbara Bonansea, na dakika ya tano ya nyongeza Bonansea yuleyule akafunga kwa kichwa. Wakaipiga Jamaica 5-0. Wakafungwa na Brazil 1-0 kwa penalti ya Marta, na bado wakaongoza kundi. Wakawatoa China. Waholanzi ndio waliowasimamisha kwenye robo fainali, 2-0. Nyumbani Italia, mechi ya Brazil ilitazamwa kwenye televisheni na zaidi ya watu milioni 7. Katika nchi ambayo wanaume wake walikuwa wamekosa Kombe la Dunia mwaka mmoja kabla, baba na watoto wa kiume walikaa kuwatazama wanawake. Giugliano alikuwa katikati ya timu ile, na miaka yake ilikuwa 21 tu. Wafungaji waliandikwa magazetini. Lakini anayeelewa mpira alikuwa anamtazama yeye.

Majira hayohayo ya joto akasaini Roma. Na hapa ndipo ninapotaka mkae vizuri kwenye viti, kwa sababu sasa tunaingia kwenye kiini.

Timu ya wanawake ya Roma ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu alipoingia. Haikuwa na kombe hata moja. Uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Tre Fontane, mdogo, kusini mwa jiji, unaochukua maelfu machache ya watu. Msimu wake wa kwanza ligi ilikatishwa na korona. Msimu wa pili walimaliza ligi bila kugusa ubingwa. Kwa mazoea aliyokuwa nayo, na kwa mazoea ya wengi, huo ungekuwa wakati wa kuondoka. Alibaki. Tarehe 30 Mei 2021, mjini Reggio Emilia, Roma ilicheza fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Milan, klabu yake ya zamani. Ikaisha 0-0, Roma ikashinda kwa penalti, na hilo likawa kombe la kwanza katika historia ya timu. Elisabetta Bavagnoli, kocha aliyeijenga tangu siku ya kwanza, akamwachia kiti Alessandro Spugna, na Bavagnoli akabaki ndani ya klabu kama kiongozi. Mnaona? Hata kocha alipobadilika, nyumba haikubomolewa.

Tarehe 1 Julai 2022 likaja lililosubiriwa: Serie A ya wanawake ikawa ligi ya kulipwa, mchezo wa kwanza wa timu wa wanawake kupata hadhi hiyo nchini Italia. Giugliano alikuwa anakaribia miaka 25. Maana yake, amecheza Kombe la Dunia na mamia ya saa za ligi kuu kabla sheria ya nchi yake haijamtambua kuwa ana kazi.

Msimu wa kwanza wa kulipwa ulikuwa wa Roma. Novemba 2022 walichukua kombe la Supercoppa kwa kuwafunga Juventus kwa penalti. Wakati huohuo walikuwa kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa mara yao ya kwanza, wakavuka kundi lililokuwa na Wolfsburg ya Ujerumani, na kwenye robo fainali wakapangwa na Barcelona. Barcelona ya Aitana Bonmatí.

Klabu ikafanya uamuzi wa kijasiri. Badala ya kucheza kwenye uwanja mdogo, ikaufungua Stadio Olimpico. Usiku wa tarehe 21 Machi 2023 waliingia watu 39,454. Ilikuwa rekodi ya mechi ya wanawake katika Italia yote, ikiipita ile ya 39,027 iliyowekwa Turin mwaka 2019, Juventus na Fiorentina walipocheza. Roma wakafungwa 1-0, bao la Salma Paralluelo. Marudiano Camp Nou wakapigwa 5-1, mbele ya zaidi ya watu 54,000, na bao lao la heshima likafungwa na Annamaria Serturini. Kwenye matokeo hapo hakuna ubishi, tofauti ya ngazi ilikuwa wazi. Lakini mimi mechi ile ya kwanza nimeirudia kuitazama zaidi ya mara moja, na ninachokiona ni timu ya Italia inayojaribu kupasiana mpira chini ya shinikizo la Barcelona, haibutui mbele ovyo kwa woga. Miaka mitano kabla, timu hiyo haikuwepo duniani.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 29 Aprili 2023, pale Tre Fontane, Roma wakawafunga Fiorentina na kuwa mabingwa wa Italia kwa mara ya kwanza, wakikata utawala wa Juventus wa misimu mitano mfululizo. Ile scudetto, yaani ubingwa wa ligi, iliyomponyoka Novara akiwa na Brescia, sasa akaipata. Msimu uliofuata wakaitetea, na Mei 2024 wakaongeza Kombe la Italia kwa penalti dhidi ya Fiorentina baada ya sare ya 3-3. Januari 2025 wakachukua Supercoppa nyingine. Na mwaka 2024 jina la Manuela Giugliano likasomwa kwenye orodha ya wanawake 30 wanaowania Ballon d'Or.

Hakuingia kwenye orodha ile kwa sababu alijifunza kitu kipya akiwa na miaka 27. Pasi aliyokuwa anaipiga Costa Rica ndiyo hiyohiyo. Kilichoongezeka ni kwamba kwa misimu mitano alikuwa na wenzake waliojua itakuja lini. Giada Greggi pembeni yake alijua lini amfunike nyuma. Washambuliaji walijua kwamba akigeuza shingo mara ya pili, waanze kukimbia. Ujuzi wa namna hiyo haununuliwi kwenye dirisha la usajili.

Sasa, nisiwape picha ya mtu anayepanda tu bila kuteleza. Euro 2022, fainali za Ulaya nchini Uingereza, ilikuwa aibu kwa Italia: kufungwa 5-1 na Ufaransa, na kutolewa kwenye makundi bila ushindi. Kombe la Dunia la 2023 liliwaumiza zaidi, na hili mnalikumbuka, kwa sababu waliowaumiza walikuwa dada zetu. Tarehe 2 Agosti 2023, Wellington, Italia ilihitaji sare tu dhidi ya Afrika Kusini. Matokeo yalikuwa 2-2 mpaka dakika za lala salama, ndipo Thembi Kgatlana akafunga la tatu. Banyana Banyana wakaingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yao, Italia ikafunga mizigo. Mimi siku ile nilishangilia kwa sauti yote, na wala siombi radhi kwa hilo. Lakini ukiwa kocha unatazama pia upande wa pili: kiungo bora wa Italia akiwa amesimama kwenye uwanja wa ugenini, miaka minne baada ya Ufaransa, na kila kitu kimerudi nyuma.

Bertolini akaondoka, akaja Andrea Soncin. Kabla mwaka haujaisha Italia ikawafunga Hispania, mabingwa wapya wa dunia, 3-2 huko Pontevedra. Kisha Julai 2025, Euro nchini Uswisi. Mwezi uleule Twiga Stars wetu walikuwa Morocco kwenye fainali za Afrika, wakitoka sare ya 1-1 na hao hao Banyana Banyana, kwa hiyo najua wengi mlikuwa mnabadilisha chaneli kama mimi. Italia iliwafunga Wabelgiji 1-0, ikatoka sare na Ureno, ikafungwa na Hispania 3-1, ikapita. Kwenye robo fainali Cristiana Girelli, mwenye miaka 35, akafunga mawili dhidi ya Norway, la pili dakika ya 90. Italia ikawa nusu fainali ya Ulaya kwa mara ya kwanza tangu 1997, mwaka aliozaliwa Giugliano.

Nusu fainali ile Geneva, dhidi ya Uingereza, Bonansea alifunga dakika ya 33. Wakaishikilia 1-0 mpaka dakika ya 96. Dakika ya 96! Michelle Agyemang, binti wa miaka 19 aliyeingia kutoka benchi, akasawazisha. Dakika ya 119 penalti, Laura Giuliani akaipangua, na Chloe Kelly akaumalizia mpira uliorudi. Walilala pale uwanjani, na waliokuwa wamelala wengi wao walikuwa wamekutana tangu wakiwa watoto kwenye vikosi vya vijana, wakalipwa kama ridhaa, wakabomolewa klabu, wakarudi.

Nimalizie na ninyi viongozi wa klabu, na nitasema wazi kwa sababu mwenyekiti aliniruhusu. Kwetu msimu ukiisha wasichana wanatawanyika. Mmoja anafuata nauli, mwingine ameahidiwa viatu, wa tatu timu yake imekosa ada ya kujisajili. Septemba tunaanza upya na viungo ambao hawajawahi kucheza pamoja hata mechi moja, kisha tunalalamika kwamba hawana maelewano. Ninachoomba hakihitaji uwanja wa Olimpico. Wapeni wachezaji wenu karatasi yenye sahihi, ya misimu miwili au mitatu, hata kama kiasi kilichoandikwa humo ni kidogo, ilimradi kinalipwa. Andikeni humo nani analipia matibabu akiumia. Mkipata mfadhili, kabla ya kununua jezi mpya wekeni kwanza fungu la nauli ya mwaka mzima. Na wazazi, kama binti yako yuko mahali anapofundishwa vizuri na kutunzwa, mtu akija na ahadi ya haraka, mwulize klabu yake ina miaka mingapi na kocha wake amekaa misimu mingapi, na umsikilize anavyojibu.

Nimekuja na nakala za mkataba wa mfano, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tumeuandaa na wakili anayejitolea. Ziko kwenye meza ile ya pembeni. Viongozi, chukueni kabla ya chakula, na mkiwa na kipengele kisichotekelezeka kwa hali ya klabu yenu, nikuteni hapa tukirekebishe pamoja. Asanteni sana. Sasa nawasikiliza, tuanze na mabinti walioko nyuma.